'Sharifa Asma' anaumwa nini? Kusoma dalili za mwaridi mfupi katika bustani iliyobanana

Mwaridi ninaouzungumzia ni 'Sharifa Asma'. Ulizalishwa na David Austin huko Shropshire, Uingereza, ukaingia sokoni mwaka 1989. Ni kichaka kifupi, kinasimama kama mita moja, na upana wake ni pungufu kidogo ya hapo. Ua lake ni la pinki iliyopauka, limekolea katikati na kukaribia weupe kingoni. Petali zake ni nyingi, zimefungamana kama kikombe ambacho baadaye hufunguka na kujikunja nje. Harufu yake ni ya matunda, ina zabibu na forosadi ndani yake. Kwetu pwani sharifa ni mwanamke wa ukoo wa Mtume, na jina hilo ndilo lililonifanya niuchague kwenye katalogi yenye mamia ya miwaridi.

Nauotesha Hampshire, kusini mwa Uingereza, kwenye udongo wenye chokaa nyingi, katika bustani ya koteji. Kwa asiyeijua, hii ni bustani ya kijijini ya Kiingereza: haina mistari wala vitalu vilivyopimwa kwa kamba, lavenda, jerania, viungo vya jikoni na miwaridi vyote hukaa pamoja, bega kwa bega, mpaka udongo hauonekani. Uzuri wake uko kwenye huo mbanano.

Na kiini cha karibu kila tatizo nitakaloeleza kiko hapo hapo. Mwezi Machi mwaridi mfupi unauona umesimama peke yake, nafasi tele kila upande. Ikifika katikati ya Juni majirani wameufika kifuani. Mwaridi mrefu kama 'Gertrude Jekyll' hujitoa juu ukapata hewa na jua lake, lakini mfupi unazama. Kwa misimu mitatu nilitibu kila dalili kivyake, leo dawa ya ukungu, kesho mbolea ya majani, keshokutwa dawa ya wadudu, kabla sijatambua kwamba nyingi ya dalili hizo zilikuwa watoto wa mama mmoja: mmea unaonyimwa hewa, jua na maji na aliyekaa karibu nao.

Kwa hiyo, kabla hujasoma dalili yoyote hapa chini, piga magoti. Fumbua majani ya majirani kwa mikono utazame mahali shina la mwaridi linapotoka ardhini. Ikibidi kusukuma kitu kando ndipo ulione, umeshapata nusu ya jibu. Chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili, usikie kama kuna unyevu. Kisha angalia ni majani gani yanayoumwa, ya chini yaliyokomaa au ya juu machanga, na kumbuka hali ya hewa ilivyokuwa wiki mbili zilizopita.

Majani ya chini yana madoa meusi, yanageuka manjano na kudondoka

Huu ndio ugonjwa wa madoa meusi, na mwenye kuuleta ni kimelea cha ukungu kiitwacho Diplocarpon rosae. Doa lake lina kingo zilizosambaa ovyo kama wino uliodondokea karatasi nyepesi. Jani linalolizunguka hugeuka manjano, halafu huanguka. Ugonjwa huanza chini na kupanda juu, na sababu ni kwamba mbegu za ukungu huu husafiri kwa maji. Tone la mvua, au la mpira wako wa kumwagilia, hugonga jani bovu lililolala ardhini, likarusha mbegu kwenye jani la chini kabisa, na kutoka hapo kwenda la juu yake.

Zikishatua, zinahitaji jani libaki na majimaji kwa saa saba hivi ndipo ziingie. Hizo saa saba ndizo za kupigania. Kichaka kilichosimama kwenye hewa hukauka mapema asubuhi, hata kama usiku ulikuwa na umande mzito. Kichaka kilichokumbatiwa hukaa na maji mpaka adhuhuri, na kwa kimelea hiyo ni karamu.

Kwangu aliyekuwa akiukumbatia ni jerania aina ya 'Rozanne'. Ni mmea mzuri mno, wenye maua ya buluu yanayoanza Juni mpaka baridi ya vuli, na mwaka 2013 ulichaguliwa kuwa mmea wa karne kwenye maonyesho ya maua ya Chelsea. Buluu yake na pinki ya Sharifa vinapendezana kama kanga na leso. Nilipanda sentimita 40 tu kutoka kwenye shina la mwaridi. Mwaka wa kwanza vilipendeza. Mwaka wa tatu 'Rozanne' alikuwa amepanda juu ya matawi ya mwaridi na kuyalalia, na ilipofika Agosti Sharifa alibaki na majani juu tu, miguu mitupu kama fagio lililosimamishwa. Nilinyunyiza dawa mara nne msimu ule. Madoa yalirudi kila mara, kwa kuwa dawa za ukungu hulinda jani lisiloguswa, wala hazifuti doa lililokwisha kuingia, na majani ya ndani ya kile kichaka hayakufikiwa na dawa hata kidogo.

Tiba iliyofanya kazi ilikuwa jembe. Vuli ile nilimng'oa 'Rozanne' na kumhamishia mita moja mbali, na sasa kila mwisho wa Juni namkata nusu hata kama anachanua. Baada ya wiki chache anarudi. Karibu na mwaridi nimeacha duara la sentimita 45 lisilo na mmea wowote, limefunikwa matandazo ya mboji. Watembezi hawalioni hilo duara, kwa sababu majani ya majirani hulificha kwa juu, ila hewa inapita chini.

Mengine ni usafi. Okota majani yaliyoanguka, hasa ya vuli, uyatie kwenye pipa la taka la bustani, usiyatie kwenye lundo lako la mboji, maana lundo la nyumbani mara nyingi halipati joto la kuua kimelea. Wakati wa kupogoa, ondoa vijiti vyenye mabaka ya zambarau, kwani ukungu hupitisha majira ya baridi humo. Mwezi Februari tandaza mboji unene wa sentimita 5 hadi 7, uzike mabaki usiyoweza kuyaokota. Mwagilia asubuhi, chini, kwenye shina.

Kwa mwenye mwaridi Limuru au Lushoto hali ni ngumu zaidi kuliko kwangu, kwani huko hakuna baridi ya kuangusha majani yote na kuukatia ukungu njia. Unapita kutoka jani hadi jani mwaka mzima, na ukungu wa asubuhi wa milimani huongeza zile saa za majimaji. Huko nafasi kati ya mimea inahitajika kuliko hata Uingereza.

Madoa matano ya mwezi Septemba yasikuumize roho. Mwaridi huu si sugu kabisa kwa ugonjwa huu, na jani lililozeeka mwishoni mwa msimu lina haki ya kuchoka.

Unga mweupe juu ya majani machanga na kwenye vikonyo vya matumba

Ubwiri unga. Watu huuchanganya na madoa meusi na kutoa tiba ile ile, yaani kupunguza maji, na hapo ndipo wanapouharibu mwaridi. Ubwiri unga hauhitaji jani lenye maji. Unashika pale mizizi inapokuwa na kiu huku hewa inayozunguka majani ikiwa nzito na imetulia. Kwenye bustani ya koteji hali hizo mbili huja pamoja: mimea jirani inanyonya maji yote chini, na juu inazuia upepo.

Chomeka kidole. Ukikuta udongo mkavu, mpe mwaridi lita 5 za maji polepole, mara mbili kwa wiki mpaka mvua irudi. Keni ndogo ya kila jioni haisaidii. Hulowesha juu tu na kunywesha majani ya jirani. Ncha zilizopauka kwa unga zikate uzitupe. Mwaridi ulio karibu na ukuta au uzio wa mbao una hatari zaidi, kwani mvua yenyewe haifiki pale hata siku inaponyesha kutwa.

Ukiona vumbi la rangi ya chungwa chini ya jani, hiyo ni kutu. Toa majani hayo mara moja, mapema kadiri uwezavyo.

Matumba yanakauka bila kufunguka, au petali zinakuwa kahawia

Hapa Sharifa ana tabia yake mwenyewe, na usipoijua utadhani ni maradhi. Petali zake ni nyingi na laini mno. Ulaini huo ndio unaoleta ile pinki ya kupenyeza mwanga, na ndio unaoziponza. Kuna matatizo mawili tofauti, na yanatofautishwa kwa kuangalia kama ua lilifunguka au halikufunguka.

Tumba likinona, likaonyesha rangi, kisha likabaki limefungwa na petali za nje zimekuwa kama karatasi ya kahawia iliyogandishwa, chanzo ni mvua. Maji huingia kwenye petali za nje, halafu jua hutoka ghafla na kuzikausha zikashikana, na zile za ndani zinashindwa kujisukuma. Baadaye kuvu ya kijivu huingia na tumba lote huoza. Ukiliwahi siku ya kwanza, menya zile petali mbili tatu za nje kwa vidole, taratibu kama unavyomenya kitunguu, na mara nyingi ua litafunguka kwa ndani likiwa zima. Likishakuwa laini na kunuka uvundo, likate mpaka kwenye jani zuri la kwanza chini yake. Msongamano unahusika hapa pia: tumba lililolala kwenye majani ya jirani hukaa na maji muda mrefu kuliko lililo wazi.

Ua likifunguka vizuri, kisha likaungua kingoni na kuwa rangi ya chai, hilo ni jua. Tarehe 19 Julai 2022 Coningsby, Lincolnshire, ilipimwa nyuzi joto 40.3, kiwango ambacho Uingereza haikuwahi kupimwa kabla. Kwetu hakukufika huko, lakini maua yote yaliyokuwa wazi asubuhi ile yalikuwa yameungua kabla ya saa tisa alasiri. Hata siku za nyuzi 28 huanza kuonyesha, hasa kama mwaridi umepandwa mbele ya ukuta unaotazama kusini au magharibi, ukuta unaorudisha joto.

Hili halina dawa ya kunyunyiza. Hamisha mmea wakati umelala, kati ya Novemba na Februari, uupeleke mahali penye jua la asubuhi na kivuli chepesi mchana. Saa tano za jua zinautosha. Kama kuhamisha haiwezekani, panda upande wa magharibi kitu chembamba na kirefu kitakachotia kivuli cha jioni. Mimi nimepanda dijitalisi tatu, sentimita 60 kutoka shinani, na huzing'oa zikishatoa mbegu. Siku ya joto kali inapotangazwa, kata matumba yaliyo nusu wazi asubuhi uyaweke ndani kwenye maji. Utayafurahia siku tatu, na mmea umepumzika.

Harufu haipo, au ilikuwepo mwaka jana na sasa imepotea

Malalamiko haya ndiyo yanayonigusa zaidi, kwani mwaridi huu bila harufu ni kama marashi yaliyoachwa wazi.

Harufu hutoka kwenye uso wa petali, na ni mafuta mepesi yanayoruka hewani. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba waridi lina kimeng'enya maalumu cha kutengenezea geranioli, moja ya mafuta hayo, na kwamba kwenye mawaridi yasiyo na harufu jeni ya kimeng'enya hicho imelala. Kwa Sharifa hatuna shaka, uwezo anao. Swali ni kwa nini hautoki leo, na majibu hutegemea saa, joto na umri wa ua.

Shangazi yangu anaishi Muscat, na kila mwaka majira ya mawaridi hupanda na jamaa zake mlima wa Jabal Akhdar, ambako mawaridi ya pinki ya kutengenezea marashi huchumwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Nilimpigia simu nikilalamika kwamba waridi langu halinukii.

"Unalinusa saa ngapi, mwanangu?"

"Nikirudi kazini, shangazi. Saa kumi na moja hivi."

"Saa kumi na moja jioni? Kule mlimani wachumaji huingia shambani alfajiri. Jua likishapanda, linalobaki ni rangi."

Kesho yake niliamka mapema, nikalipata ua lililofunguka nusu, umande umekwisha kukauka lakini jua halijawa kali. Zabibu na forosadi zote zilikuwepo.

Kwa hiyo jaribu hivi kwanza: nusa kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, siku yenye vuguvugu isiyo na upepo, ua lililofunguka nusu. Ua lililofunguka kabisa mpaka vinyuzi vya chavua vya ndani vinaonekana limeshatoa lilichonacho. Siku za baridi, kama mwanzoni mwa Juni hapa kwetu kunapokuwa na nyuzi 12, mafuta hayaruki na hutasikia kitu. Lete ua ndani, liweke mezani, rudi baada ya nusu saa. Usinuse maua kumi mfululizo, pua huzoea na kufa ganzi kwa muda.

Ukifanya hayo yote na bado hakuna kitu, rudi kwenye kiu. Mwaridi mkavu hutoa maua madogo yenye petali chache na mafuta haba. Agosti 2022, mpira wa maji ulipopigwa marufuku Hampshire kwa sababu ya ukame, maua ya Sharifa yalikuwa madogo kama kifungo cha koti. Niliubebea maji ya kuoshea mboga kwa ndoo. Mvua za Septemba ziliporudi, harufu ilirudi nazo.

Na angalia majirani, safari hii kwa pua. Lavenda ikiwa imeota kando kabisa ya mwaridi, hutajua unanusa nini.

Umechanua Juni, kisha kimya

Mwaridi huu unatakiwa kurudia, kila baada ya wiki sita hivi, hadi Oktoba. Ukinyamaza, jambo la kwanza ni kuangalia kama maua yaliyonyauka yamekatwa. Yakiachwa, mmea hushughulika na mbegu. Kata hadi juu ya jani kamili la kwanza lenye vijani vitano. Usinyofoe kichwa tu.

La pili ni chakula. Weka mbolea ya miwaridi mwishoni mwa Machi, na tena wimbi la kwanza la maua likiisha, kama mwisho wa Juni. Baada ya katikati ya Agosti usiweke, utaotesha vichipukizi laini ambavyo baridi ya kwanza itaviua.

Mara nyingine utaona tawi limenyooka vizuri, majani safi, lakini nchani hakuna tumba. Hilo lilipatwa na baridi au upungufu wa mwanga wakati tumba lilipokuwa linajiunda. Likate nusu yake, juu ya jani linalotazama nje. Yakiwa matawi mawili, ni bahati mbaya ya majira ya kuchipua. Yakiwa mengi na yote yako upande mmoja, tazama nani anautia kivuli upande huo.

Majani ni ya manjano lakini hayana madoa

Majani machanga ya juu yakiwa manjano na mishipa yake imebaki kijani, mmea unakosa chuma. Kwenye udongo wa chokaa kama wangu, chuma kimo ardhini ila kimefungwa, mizizi haiwezi kukichukua. Mwaridi hupenda udongo wa pH (kipimo cha uchachu wa udongo) 6 hadi 6.8 hivi, na wangu ulisoma 7.8. Mwagilia chuma cha cheleti, yaani chuma kilichoandaliwa ili mizizi iweze kukichukua, majira ya kuchipua, tandaza mboji kila mwaka, na tumia maji ya mvua kutoka kwenye pipa, kwa sababu maji ya bomba ya eneo la chokaa huongeza chokaa juu ya chokaa.

Yakiwa ya zamani, ya chini, na manjano yako kati ya mishipa, ni magnesi. Hapa niliujeruhi mmea wangu kwa mikono yangu. Niliambiwa mbolea ya nyanya huongeza maua, nikawa naiweka kila wiki. Mbolea hiyo ina potasi nyingi, na potasi ikizidi huizuia magnesi isiingie. Niliacha kuiweka, nikayeyusha chumvi ya Epsom gramu 20 katika lita moja ya maji, nikanyunyiza kwenye majani siku ya mawingu, nikarudia baada ya wiki mbili. Majani mapya yaliyofuata yalitoka kijani.

Mmea wote ukiwa umepauka sawasawa, una njaa ya naitrojeni, au mizizi imekaa kwenye maji. Chomeka kidole uamue.

Majani yamejikunja, yamekatwa au yamepinda

Jani lililojikunja chini kama sigara mwezi Mei au Juni ni kazi ya kidudu kidogo cheusi cha jamii ya nyigu kinachotaga kwenye ukingo wa jani. Ni machache? Yachume. Ni mengi? Yaache, kuyachuma yote kutauumiza mmea kuliko mdudu.

Vipande vya nusu duara vilivyokatwa safi kabisa ni nyuki anayejengea kiota. Usimguse. Anachavusha bustani yako yote.

Vidukari kwenye ncha changa, wavunje kwa vidole au uwapige kwa maji asubuhi, halafu subiri. Ndege wadogo na mende wale wekundu wenye madoa meusi watamaliza kazi ndani ya wiki mbili tatu. Ukinyunyiza sumu, unawaua walinzi na vidukari hurudi kabla yao.

Majani membamba kama nyuzi, yaliyojikusanya kishada, yakitokea majira ya kuchipua, ni alama ya dawa ya magugu yenye glaifoseti iliyopeperuka mwaka uliopita. Majani yaliyopinda kama kikombe baada ya kuweka samadi yanaonyesha dawa ya magugu ya malisho iliyopita tumboni mwa mnyama ikabaki kwenye samadi. Kabla ya kutumia samadi usiyoijua, panda maharagwe kwenye chungu chenye samadi hiyo. Yakichipua yamepinda, irudishe.

Maua yanainamisha vichwa

Mwaridi wa mwaka wa kwanza na wa pili huinama, ua ni zito kuliko kikonyo. Miaka mitatu ikifika shina huwa limekomaa. Ukizidi kuinama baada ya hapo, huenda unapogoa chini mno: punguza theluthi moja mwezi Februari, isizidi nusu, ili ubakize mbao ngumu ya kubeba. Na mbolea yenye naitrojeni nyingi hurefusha vikonyo bila kuvipa nguvu.

Tawi moja limeota tofauti na mengine

Linakwenda juu haraka, majani yana rangi nyingine, miiba mingine, na likichanua ua ni jeupe au la pinki lenye petali tano tu. Hilo limetoka kwenye shina mama, yaani mwaridi wa aina nyingine ambao Sharifa ameunganishwa juu ya mizizi yake, siyo Sharifa mwenyewe. Usihesabu vijani, hiyo si alama ya kuaminika. Fukua udongo ulifuate mpaka linapotoka. Likitoka chini ya uvimbe wa kiungo, pale walipounganishwa, lishike kwa glavu nene na uling'oe kwa kulivuta. Ukilikata kwa mkasi, macho yaliyo chini ya mkato yatachipua matatu mahali pa moja.

Umepandwa mahali pa mwaridi mwingine, na haukui kabisa

Hakuna ugonjwa unaouona, hakuna mdudu, maji yapo, majirani wako mbali, na bado mwaka wa pili ni vijiti vitatu vya sentimita 30. Uliza pale palikuwa na nini. Kama uling'oa mwaridi mzee na kupanda mpya pale pale, udongo ule umechoka kwa miwaridi: viumbe vidogo vilivyozoea mizizi ya mzee huishambulia ya mgeni ambayo bado ni michanga.

Usingoje mwaka wa tatu. Majira ya baridi uchimbue na mizizi yake, uoshe udongo wote wa zamani, uiloweke kwenye ndoo ya maji kwa saa mbili. Ukiwa na mahali pengine ambapo mwaridi haujawahi kuota, upeleke huko. Kama huna, chimba shimo la sentimita 60 kwa upana na 45 kwenda chini, udongo wake uupeleke kwenye kitalu cha mboga, kisha tia ndani ya shimo sanduku la karatasi ngumu lisilo na gundi ya plastiki. Lijaze udongo wa upande mwingine wa bustani uliochanganywa na mboji iliyoiva, panda mwaridi humo kiungo chake kikiwa sentimita 5 chini ya ardhi, kanyaga taratibu, mwagilia. Sanduku huoza kwa mwaka mmoja hivi, na kufikia hapo mizizi imeshakuwa na nguvu ya kutoka.